Muulize Mama Mionzi: Picha haina kitu, lakini mama hakanyagi

Masika yakikolea huku kwetu, barua za kikohozi hupungua mezani na za nyonga huongezeka. Njia za Rungwe zinateleza, ngazi za udongo za kushukia jikoni zinaota kuvu, na wazee wetu hawajui kukaa ndani. Mara hii nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali yake yamo pia kwenye nyingine ambazo hazikupata nafasi. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mtaalamu wa mionzi mstaafu, si daktari bingwa wa mifupa. Maisha yangu ya kazi yalikuwa chumba cha eksirei, Njombe kisha Mbeya. Kwa hiyo ninachokijua ni picha, na yale ambayo picha huyaficha.

*Shikamoo Mama Mionzi. Mama yangu ana miaka 78, tuko Kiwira. Wiki mbili zilizopita aliteleza akitoka kukamua, akaangukia ubavu wa kulia na ndoo ya maziwa mkononi. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Alipigwa eksirei, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, ni msuli tu. Akachomwa diklofenaki, tukarudi nyumbani. Hadi leo mguu wa kulia hakanyagi. Akilala kimya hana shida, ila akitaka kusimama anashika kinena na kulia, na mara nyingine anasema linalouma ni goti. Mguu haujapinda wala haujawa mfupi. Kaka zangu wanasema anadeka, maana picha ilikuwa safi. Mjomba ameshampata fundi wa mifupa wa kumkanda na kumvuta. Je, picha inaweza kukosea? Na fundi tumruhusu? – Binti wa Kiwira*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na la fundi, maana hilo halingoji. Hapana. Asikandwe, asivutwe, na asisimamishwe kwa lazima eti damu ichangamke, mpaka ijulikane kuna nini ndani. Ufa ambao vipande vyake bado vimeshikana, ukiuvuta unaviachanisha, na mtu ambaye angepona kwa kutembelea woka (fremu ya kushikilia) anageuka mgonjwa wa kupasuliwa. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, kwamba aliyekataa ni mimi.

Sasa picha. Ndiyo, inaweza kuwa safi na mfupa ukawa umevunjika. Katika kila wazee 100 waliovunjika nyonga, wapo kati ya 2 na 10 ambao eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Wengi wao ufa huwa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Lakini wapo ambao paja ni zima kabisa, na ufa uko upande wa pili wa kiungo: kwenye kikombe cha nyonga, lile shimo la fupanyonga (duara la mifupa ya kiunoni) ambamo kichwa cha paja hukaa na kuzunguka. Hawa ndio husahauliwa zaidi, kwa sababu macho ya kila mtu hukimbilia paja, yakilikuta zima yanaridhika.

Mama alipoanguka, lile bonge la mfupa unaloligusa pembeni mwa nyonga ndilo lililopiga chini. Pigo likapanda kwenye shingo ya paja hadi kichwani, na kichwa kikatwanga ndani ya kikombe kama mchi kwenye kinu. Kwa kijana kinu ni cha mti mgumu, mpaka agongwe na gari au arushwe na bodaboda ndipo kipasuke. Kwa mama wa miaka 78, ambaye mifupa yake imekuwa ikipungua uzito tangu hedhi ilipokoma, kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe kunatosha. Ufa hupenda upande wa mbele wa kikombe na ukuta wake wa ndani, ambao ni mwembamba.

Kwa nini haukuonekana? Eksirei ni kivuli. Ufa unajitokeza pale vipande vinapoachana, au miale inapopita sambamba nao. Kikombe kimejikunja na kuelekea pembeni, mbele na chini kwa pamoja. Ukikipiga kutoka mbele, ukingo wake wa mbele unalala juu ya wa nyuma, na kichwa cha paja kinalala juu ya vyote viwili. Ongeza gesi ya utumbo inayoacha madoa meusi juu ya fupanyonga, na mifupa ya mzee ambayo kivuli chake chenyewe ni hafifu.

Halafu kuna jambo la miguu, ambalo nje ya chumba chetu halizungumzwi. Picha nzuri ya fupanyonga inataka miguu yote miwili izungushwe kwa ndani kidogo, nyuzi kama 15, vidole gumba vielekeane, visigino viachane. Tukipata hivyo, shingo ya paja inajinyoosha mbele ya miale na kuonekana urefu wake wote. Mzee mwenye maumivu mguu wake huanguka nje wenyewe. Ukimpiga hivyo hivyo, shingo inaonekana fupi, na ufa uliopo unaweza kujificha humo. Wala siyo kwamba umlazimishe! Akipiga kelele unaacha, na unaandika kwenye fomu kwamba mguu haukuzungushwa, ili msomaji asiidhanie picha ni kamili. Tatizo jingine ni kupiga nyonga moja tu inayouma. Kikombe hakisomwi peke yake. Unataka fupanyonga zima, ulinganishe kulia na kushoto.

Nikiletewa picha ya mzee wa namna hii, paja naliacha la mwisho. Kila upande wa fupanyonga una mistari sita ambayo jicho lililofundishwa huifuata: unaoshuka kwa mbele hadi mfupa wa kinena, unaoshuka kwa nyuma hadi mfupa wa kukalia, paa la kikombe, ukingo wa mbele, ukingo wa nyuma, na alama ndogo kando ya sakafu ya kikombe yenye umbo la tone la chozi. Ninafuata mstari wa kwanza kwa kidole, polepole, kisha ninafanya vivyo hivyo upande mzima. Mstari ukikatika, ukipanda ngazi, au tone la upande mmoja likiwa limesogea, hapo hakuna tena maneno ya msuli. Mistari hii na picha za kuinamisha zinazoendana nayo tumerithi kwa madaktari wa Ufaransa, Robert Judet, Jean Judet na Émile Letournel, waliochapisha kazi yao mwaka 1964. Mgonjwa huinuliwa nyuzi 45 upande mmoja, akapigwa, kisha upande wa pili. Kwa bibi mwenye maumivu ni mateso. Apewe dawa ya maumivu nusu saa au zaidi kabla, na awekewe mito imara mgongoni, asishikiliwe na mikono ya watu wawili wanaotetemeka.

Kuhusu kudeka. Mama aliyekuwa anakamua mwenyewe hadi siku ile aanguke, leo anashika kinena kila akikanyaga, na kaka zako wanaamini karatasi kuliko yeye? Yote uliyoyaandika yananifanya nishuku mfupa: ameangukia ubavu, hakanyagi, maumivu yako kinenani, yanatulia akilala na kurudi akibeba uzito. Hata la goti linaingia humo humo. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inahudumia na goti, ndiyo maana watu wanaugulia nyonga wakipakwa dawa gotini. Na huo mguu kutofupika wala kupinda haunipi faraja. Kufupika na kupinda ni dalili ya mfupa wa paja uliovunjika na kuachana. Ufa uliotulia mahali pake, uwe wa shingo au wa kikombe, huuacha mguu ukiwa na sura yake ya siku zote.

La kufanya wiki hii: mrudisheni, safari hii kwa daktari wa mifupa. Chukueni ile picha ya kwanza yenyewe, filamu au CD. Picha ya filamu iliyoegeshwa dirishani ikapigwa kwa simu haisaidii mtu, nazipokea kila mwezi na siwezi kuzisoma. Elezeni tarehe ya kuanguka. Kwa kuwa wiki mbili zimeshapita, eksirei ya kurudia ina maana sasa kuliko ilivyokuwa siku ile: siku 10 hadi 14 baada ya kuvunjika, mwili huwa umeanza kula kingo za ufa na mfupa mpya unaanza kuota, kwa hiyo mstari ambao haukuwepo unaweza kujitokeza. Lakini nisieleweke vibaya. Kungoja wiki mbili siyo njia ninayomshauri mtu aliyeanguka jana. Ikiwa ufa ni wa shingo ya paja, katika muda huo unaweza kuachana na kukata damu inayolisha kichwa cha paja.

Njia bora ni MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Eksirei na CT, ambayo ni eksirei ya kompyuta inayozunguka mwili, huangalia zaidi sehemu ngumu ya mfupa. MRI inaona hadi uboho ulivyovia damu na maji kuzunguka ufa, hata saa chache tu baada ya kuanguka, na haitumii mionzi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2011 uko wazi: mzee anashukiwa kuvunjika nyonga na eksirei haionyeshi, apelekwe MRI, isipopatikana ndani ya saa 24, au mgonjwa haiwezi, ifikiriwe CT. Asiyeiweza ni kama mwenye baadhi ya mashine za moyo, au mwenye chuma fulani mwilini, kwa hiyo semeni mapema.

Huku kwetu nisiwadanganye, mtaanza na CT. Imesogea kuliko zamani, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zinayo. Kwa kikombe cha nyonga ni kipimo kizuri sana: kinakata mfupa vipande vyembamba, kinaonyesha ufa umepita wapi, na daktari anaweza kuuzungusha kwenye kompyuta auone kila upande. Udhaifu wake ni ufa mwembamba sana kwenye mfupa uliochoka, ambao haujasogea hata kidogo. CT ikiwa safi na mama bado hakanyagi, ulizeni MRI. Pigeni simu kwanza hospitali ya kanda Mbeya kujua utaratibu na gharama kabla hamjampakia kwenye gari. Taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, iko mbali na hamna haja ya kuanzia huko.

Safarini asikae bajaji na magoti yamekunjwa. Mlazeni kwenye godoro, mto katikati ya mapaja, na dereva aonywe kuhusu matuta ya kwenda Uyole.

Ikionekana ni kikombe, msiogope neno "kuvunjika" kabla ya kumsikiliza daktari. Ufa wa kikombe ambao haujasogea mara nyingi hauhitaji kisu. Mzee anapewa woka, anafundishwa kugusisha tu mguu chini bila kuubebesha, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, na eksirei inarudiwa kuhakikisha kichwa cha paja hakisukumi ukuta kuelekea ndani. Shingo ya paja ni habari nyingine, hiyo kwa kawaida inapigwa skrubu au kubadilishwa, na mapema. Ndiyo sababu nawasumbua na vipimo: mateso yanafanana, tiba hazifanani.

Kitanda nacho si mahali pa kumsahau mzee. Damu inaganda miguuni, mapafu yanashika nimonia, makalio yanachubuka. Mkalisheni, mgeuzeni, apumue kwa kina, achezeshe vifundo vya miguu. Kwa maumivu, parasetamo kwa saa zake inasaidia kuliko watu wanavyoidharau. Diklofenaki ya kila siku kwa umri wake inaweza kuumiza figo na tumbo, kwa hiyo msiendelee kuinunua dukani bila kumuuliza daktari.

*Mama Mionzi, baba yangu wa miaka 84, tuko Makete, alianguka kutoka kitandani. Anatembea hadi chooni kwa fimbo, anachechemea. Majirani wanasema angevunjika asingetembea. Ni kweli? Kumbukumbu zake zimepungua, hawezi kutueleza vizuri. – Kijana wa Makete*

Si kweli. Mfupa wa shingo ya paja unaweza kuvunjika na vipande vikabanana, mtu akatembea siku kadhaa, kisha asubuhi moja vikaachana akiwa njiani kwenda choo hicho hicho. Ufa wa kikombe, au wa mifupa ya kinena, nao kuna wazee wanaoukanyagia. Kwa asiyeweza kujieleza, usimuulize "unaumwa wapi". Mwangalie usoni unapomgeuza kitandani. Mlaze chali, ushike paja lake katikati ulibingirishe taratibu kidogo ndani, kidogo nje, bila nguvu. Akikunja uso au akishika mkono wako, acha. Muombe anyanyue kisigino kutoka kitandani goti likiwa limenyooka; ulinganishe na mguu mwingine. Mzee mwenye upungufu wa kumbukumbu ambaye ghafla amekuwa mkali akibadilishwa nguo, au ameacha kula tangu aanguke, ana maumivu. Mpelekeni eksirei, na mpaka hapo apewe chombo cha kitandani. Choo cha nje na baridi ya Makete usiku vinamtosha kijana, siyo yeye.

*Shikamoo. Mimi ni tabibu zahanati moja Kilolo. Hatuna eksirei. Wazee wanaoanguka ninawaandikia rufaa, lakini wanarudi na picha safi na maumivu yale yale. Ninaweza kufanya nini zaidi? – Tabibu wa Kilolo*

Marahaba mwenzangu. Mawili: masikio na kalamu.

Kwa masikio una stetoskopu. Mlaze mgonjwa chali, miguu imenyooka na imelingana. Weka stetoskopu juu ya mfupa wa kinena, pale katikati pande mbili zinapokutana. Msaidizi wako agongegonge kifuniko cha goti kwa kidole, kulia, kisha kushoto, kwa nguvu ile ile. Mfupa mzima unaleta mlio mkali na wa karibu. Penye ufa mlio unafika ukiwa umefifia. Nimeshuhudia daktari mmoja wa mifupa akifanya hivyo korido, kelele za wodi zimejaa, akamwomba kila mtu anyamaze na watu wakadhani anasikiliza mtoto tumboni. Milio ikitofautiana, shaka yako imepata nguvu. Ikilingana, haifuti kitu. Kama hakanyagi, mpeleke tu. Na uwe na heshima ya pazia na ndugu wa jinsia yake, maana mahali pa kuweka stetoskopu si pa kuzoea.

Ya pili, kalamu. Nimepokea fomu nyingi mno zilizoandikwa "eksirei mguu, maumivu". Aliyeko kwenye mashine atapiga alichoandikiwa. Unaweza kuandika hivi: "Mwanamke, miaka 78. Ameangukia ubavu wa kulia kutoka kimo chake, jana. Hakanyagi. Maumivu ya kinena paja likizungushwa. Mguu haujafupika. Naomba fupanyonga zima, na nyonga ya kulia kwa pembeni. Je, kuna ufa wa shingo ya paja, kikombe, au mifupa ya kinena? Picha ikiwa safi, naomba aonwe kwa CT au MRI." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Ndiyo inayomzuia mtu kumrudisha mzee nyumbani kwa sababu tu filamu haikuonyesha.

Wakikuandikia kwamba mgonjwa amevunjika mfupa wa kinena peke yake, uliza na nyuma. Fupanyonga ni duara, na mara nyingi likipasuka mbele huwa limepasuka na nyuma, karibu na kiuno, mahali ambapo eksirei ni dhaifu zaidi. Na mzee anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda usimwache alale zahanati: fupanyonga linaweza kuvuja damu ndani bila jeraha nje. Akipauka, mapigo yakienda mbio, tumbo la chini likijaa au mkojo ukigoma, hiyo ni gari ya wagonjwa usiku huo.

*Bibi yangu, Mafinga, hakuanguka kabisa. Nyonga ilianza kuuma polepole, sasa anachechemea. Eksirei safi. Anatumia prednisoloni ya kifua miaka mingi. – Mjukuu*

Mifupa iliyochoka inapasuka kwa kazi ya kawaida tu, kupanda ngazi, kubeba kuni, na prednisoloni ya muda mrefu ni miongoni mwa vitu vinavyoichosha zaidi. Inaweza pia kunyima damu kichwa cha paja, na hilo nalo eksirei ya mwanzo hailioni. Kwa hiyo maswali ya MRI au CT ni yale yale niliyomjibu Binti wa Kiwira, na bibi apunguze kuubebesha mguu huo kuanzia leo. Mwambieni daktari kama aliwahi kutibiwa saratani, hasa kwa mionzi ya nyonga kama wanavyotibiwa wa mlango wa kizazi. Mwambieni pia kama anapungua uzito, ana homa za jioni au anatokwa jasho usiku, maana kifua kikuu huingia hata kwenye kiungo cha nyonga. Na prednisoloni msimwachishe ghafla kwa kuogopa mifupa. Mwili uliozoea dawa hiyo ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kuanguka vibaya. Daktari aliyemwanzishia ndiye atakayeipunguza, na hapo hapo mumuulize kuhusu kalsiamu, vitamini D na dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti.